Mpaka Bibi Ale Kwanza

Goziba, Muleba
Jumamosi asubuhi

Mae, mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mae. Umeamkaje hapo Buhembe? Mguu unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua unaipaka, au umeiweka juu ya kabati pamoja na zile nyingine? Mdogo wangu Koku na wanawe hawajambo? Migomba ya nyuma ya jiko mmeitandazia nyasi au mnaingojea mvua iwaaibishe? Mimi huku nipo, nakula, natembea, mwili hauna ugonjwa. Moyo ndio unaoumwa, Mae. Siwezi kukudanganya kwa salamu nyingi.

Kabla hujaendelea, kaa chini. Barua hii nimempa mama mmoja mchuuzi wa dagaa anayevuka leo, aifikishe dukani kwa mama mdogo, Rwamishenye. Mama mdogo nimemwagiza akuletee kwa mkono wake na asiondoke mpaka umalize. Simu ningeweza kupiga, ukipanda kwenye mawe mtandao unapatikana. Lakini ungeniuliza, nami ningelia, na wewe ungelia, na simu ingekatika hatujaambiana kitu.

Barua hii ni ya Edson. Mdogo wangu hayupo tena duniani, Mae. Alifariki hapa hapa Goziba, mwaka juzi kabla ya Pasaka, na wenzake walimzika kwa heshima. Ameacha mtoto wa kike, na mtoto huyo anakuhitaji wewe, si mimi wala Kaka Elisha, kwa jambo moja ambalo hakuna mwingine awezaye kulifanya. Sasa kubwa umelijua. Lia kwanza, mama mdogo yupo hapo. Ukishatulia ndipo usome yaliyobaki.

Kazi yangu uliwahi kuicheka, ukasema nimesoma miaka yote ile ili nikapime makombo ya watoto wa watu. Basi ndiyo hiyo hiyo. Saa ya chakula cha shule tunakaa karibu na sufuria na mizani ya jikoni. Mtoto aliyechaguliwa tunapima sahani yake kabla hajala, akimaliza tunapima kilichobaki, tunaandika kwenye tableti. Mkono wake tunauzungushia utepe wenye rangi tatu: kijani ni mzima, njano ni wa kuangaliwa, nyekundu ni hatari. Tunamuuliza jana aliweka nini mdomoni tangu alipoamka. Halafu tunamfuata nyumbani kwao, tumuulize na mzazi.

Chakula cha shule hapa ni ugali wa muhogo na dagaa, siku nyingine na maharage. Unga wa mahindi ukivuka ziwa hauchukui siku mbili umekwisha. Ndizi ndiyo usiseme. Wewe unayesema mtu hajala kama hajala ebitoke, ungefika hapa ungesema kisiwa kizima hakijala tangu kiumbwe. Siku ya kwanza walimu walinikaribisha mezani kwao. Nikauona ule ugali, nikasema tumbo linanisumbua, nikala dagaa peke yake. Mwanamke mzima, mwenye stashahada ya lishe, nimetumwa kuandika watoto wanakula nini, nasingizia tumbo! Unajua kwa nini, maana wewe ndiye uliyeniweka hivyo.

Mtoto namba kumi na saba kwenye orodha yangu alikuwa msichana wa darasa la tatu, anaitwa Pendo. Siku ya kwanza sahani yake ilirudi na ugali wote. Dagaa alikuwa amemaliza, mchuzi ameukomba kwa kidole, ugali hakuugusa. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Utepe ulipouzunguka mkono wake ulisimama kwenye njano, mwisho kabisa, pale inapoanza nyekundu. Kwenye tableti kuna swali: kwa nini hakumaliza chakula? Majibu yapo tayari unachagua: ameshiba, mgonjwa, hapendi, muda haukutosha, nyingine eleza. Nikabonyeza "hapendi". Nilikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu, na moyoni nikasema huyu anadeka. Mtoto ana mkono wa njano, nami nasema anadeka! Mungu anisamehe.

Siku ya tatu mpishi alinipakulia mwenyewe, nikashindwa kumkatalia mbele ya watu. Nikakaa kwenye benchi la jikoni na sahani mapajani, nikala dagaa, ugali nikausukuma pembeni. Nilipoinua macho Pendo alikuwa amesimama mbele yangu na sahani yake. Anaangalia yangu, anaangalia yake. Akaniuliza polepole:

"Mwalimu, na wewe una muziro?"

Neno la nyumbani kabisa, Mae, tena kwa matamshi ya nyumbani, kwenye mdomo wa mtoto anayeongea Kiswahili cha Kisukuma. Nikamwambia ndiyo, mimi ni Mhaya, na nyumbani kwetu muhogo ni mwiko.

"Hata mimi," akasema, akakaa karibu yangu. "Bibi yangu alikataza. Yuko Bukoba. Baba alipokuwa mdogo alikula muhogo mchungu shambani kwa jirani, akataka kufa. Alipopona, bibi aling'oa mihogo yake yote, akaweka maganda mlangoni, watoto wakayaruka mara tatu." Hapo akaanza kucheka. "Shangazi yangu alijikwaa kwenye kizingiti, akaanguka kifudifudi, jino likang'oka! Baba akifika hapo alikuwa anacheka mpaka machozi."

Nilifumba mdomo, Mae. Miaka yote nacheka bila kujali pengo langu, siku hiyo nikalificha kwa kiganja kama mwizi. Nikamuuliza huyo shangazi anaitwa nani. Akasema Yunisi, lakini baba alikuwa anamwita Yuni wa Pengo.

Nikamuuliza, na bibi alisema nini mlangoni pale? Pendo akanyoosha mgongo, akayasema maneno yako kwa Kihaya, neno kwa neno, yeye ambaye hajui hata kusalimu kwa Kihaya. Wa tumbo langu na watakaotoka kwao, hawali muhogo mpaka mimi nile kwanza. Nikamuuliza baba yuko wapi. Alionyesha kwa kidevu kule juu kwenye mawe, akasema, "Kule," kisha akachukua sahani yake akaenda kuiosha.

Sikupima sahani nyingine siku ile. Nilimfuata mpaka kwao. Mama yake ni Msukuma, mwanamke wa maneno machache, anaanika dagaa. Nilimkuta anawageuza kwenye nyavu, nikamwambia jina langu, nikafunua mdomo akaona pengo. Aliacha kila kitu akakaa chini mchangani, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja. Mimi nilikuwa bado sijalia. Nilikuwa nashangaa tu, nasema karibuni, karibuni, utadhani pale ni kwangu.

Hivi ndivyo alivyonieleza. Edson alikuwa fundi wa injini za boti. Huku mtu huitwa kwa kazi yake au kabila lake, hivyo wengine walimwita Fundi na wengine Mhaya, ukoo hakuna aliyeujua. Alishikwa na tumbo siku ambayo ziwa limechafuka, na siku mbili hakuna chombo kilichothubutu kutoka. Siku ya tatu maji yalitulia, lakini yeye alikuwa amekwisha kwenda. Simu yake ilikuwa na namba ya siri, wakashindwa kuifungua. "Nilijua ana mama Bukoba," akaniambia, "lakini Bukoba ni kubwa, ningeanzia kwa nani?" Mae, usimlaumu. Nimekaa naye, ni mtu.

Akaniambia na hili, nami nakupa kama nilivyolipokea. Edson alipokuwa anajikunja kwa maumivu, mkewe alimshika akamuuliza, umekula muhogo kwa watu? Akajibu: "Sijawahi hata siku moja. Ningemwambia nini mama?"

Umesikia, Mae? Tangu alipogombana na baba yetu, marehemu Taata, kwa sababu ya kibanja cha migomba akaondoka, kila Krismasi unasema Edson amekusahau, hana neno lako hata moja kichwani. Nami nilikuwa nakuunga mkono, nikisema huyo ziwa limemmeza akili. Tulikosea sisi wawili. Kwenye kisiwa ambacho muhogo ndio chakula, mwanao alikaa miaka yote hiyo anatafuta mahindi, na alipokosa alikula samaki na maji. Sisi tuliobaki nyumbani ndio usituulize. Kaka Elisha nimemkuta kwa macho yangu stendi ya Bukoba anakula muhogo wa kukaanga na pilipili, nikamfichia siri. Leo namtaja, na asininunie. Elisha amekula na anatembea. Aliyeshika neno lako ndiye aliye chini ya mawe.

Na amemrithisha mtoto. Mama Pendo amembembeleza, amemtisha, amemchapa, amechoka. Mtoto anajibu, baba hakuuvunja, mimi nitauvunjaje? Tangu baba afariki ndiyo amekaza kabisa. Kila mwaka Edson alikuwa anamwambia, mwaka huu tutavuka twende kwa bibi, ale kwanza mbele yako, akufungulie. Halafu anaangalia mikono yake mitupu, anasema mwakani. Alikuwa anaona haya kukurudia hivyo. Ningekuwa karibu ningemzaba kibao, nikamwambia mjinga wewe, Mae anataka uso wako, hataki mizigo!

Nilipanda kaburini siku iliyofuata. Wamelizungushia mawe vizuri na msalaba wa mbao wamechonga "Edson Fundi". Nilisali Baba Yetu kwa Kihaya ili asikie na sauti ya kwao. Hapo ndipo nililia, Mae. Nililia nikiwa nimelala juu ya mawe, na mkewe aliniacha mpaka nilipomaliza.

Juzi nilijaribu kuwa shangazi. Nikakaa na Pendo jikoni shuleni, nikamwambia mimi ni mtoto wa bibi, tena mkubwa kuliko baba yako, nakuruhusu, kula. Akasema, "Kula wewe kwanza." Sawa, nikakata tonge. Nilisomea lishe, Mae. Najua muhogo ukilowekwa na kukaushwa vizuri una shida gani na hauna shida gani, nimewafundisha watu hayo kwenye mikutano. Nikaliweka mdomoni. Koo likakataa. Nikaliona lile ganda mlangoni na uso wako siku ile, nikatoka nje nikalitema. Niliporudi Pendo alinipa maji ya kusukutua, wala hakunicheka. Akasema, "Wewe siyo bibi."

Nikampigia msimamizi wangu aliyeko Muleba, nikamweleza yote, maana nilitaka kurekebisha lile jibu la "hapendi". Akanipa pole, kisha akasema, "Dada, kwa utaratibu wetu mdadisi hamwandiki ndugu yake. Huyo namba kumi na saba mtoe, uchukue anayefuata kwenye orodha." Hana kosa, sheria hiyo hata mimi nimewafundisha wengine. Nikabonyeza kufuta. Tableti ikaniuliza, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Kwa kidole changu, Mae, nimemfuta mtoto wa Edson. Aliyechukua nafasi yake ni mvulana mnene wa kwa mwenye duka, anamaliza sahani na kuomba nyingine, na mkono wake ni kijani. Ripoti ikitoka, hakuna atakayejua kwamba hapa kuna mtoto anayerudisha ugali kila siku.

Kwa hiyo amebaki wako. Hayumo kwenye karatasi ya mtu yeyote, na mimi nimebakiwa na siku sita kisiwani.

Nakuomba hivi. Mama mdogo akununulie muhogo mtamu, aumenye, auchemshe mpaka ulainike kabisa. Waite Elisha na Koku wakae mbele yako. Ule kipande kimoja, kidogo tu, umeze. Halafu useme kwa mdomo wako kwamba umekula, na kwamba wa tumbo lako wale. Mtaje Pendo kwa jina. Koku airekodi sauti yako kwenye simu anitumie, nami nitapanda kwenye mawe kuipokea, nimpe mtoto asikilize. Sauti yako ataijua. Baba yake alikuwa anakuiga mpaka kikohozi.

Najua itakavyokuwa vigumu, usidhani nakuagiza kama anayekuagiza sokoni. Mchungaji alipokuja kukuambia mambo ya maganda mlangoni ni ya kipagani, ulimwambia yeye hakumbeba Edson mgongoni mpaka hospitali. Neno lile uliliweka ili mwanao aishi. Ukila muhogo leo, umekubali kwamba hayupo. Ndiyo maana nimekuandikia badala ya kumtuma mtu akushawishi. Mimi mwenyewe mpaka sasa nikisikia injini ya boti inakohoa nageuka nitazame fundi ni nani. Lakini Edson hatumsaidii tena kwa kukataa, Mae. Anayeumia kwa kukataa kwetu ana miaka tisa, na mkono wake nimeushika mwenyewe.

Baada ya hapo Kaka Elisha, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, atangaze matanga kanisani na pale nyumbani, na mumpe Edson sala yake kama mtoto wa nyumba. Mama Pendo amekubali nije na mtoto likizo ikifika, umwone. Ana paji la uso la Taata, na ubishi wake pia.

Nisalimie Koku, mdogo wangu anayekutunza, mwambie asikufiche sukari, wewe si mtoto. Nisalimie mama mdogo aliyekuletea barua hii, namshika miguu kwa kumpa kazi ngumu. Nisalimie Kaka Elisha, yale ya stendi anisamehe. Nisalimie jirani yetu mzee mwenye shamba lile la mihogo. Yeye miaka yote hii anapita njia ya nyuma kwa sababu ya jambo ambalo hakulikusudia, na sasa mwiteni apite mbele. Mchungaji naye mpe pole zangu, maana najua atakuja na utamjibu.

Nimemuuliza Pendo kama ana neno la kukuambia. Alichora chora chini kwa kidole, akafikiri kweli kweli, kisha akasema niandike hivi: "Mwambie bibi kama anaogopa asile. Mimi nimezoea."

Mwanao,
Yunisi